Kadi kwa Jina la Binti Yangu

Nilikuwa nikienda kucheza Nzega kwa sababu Nzega hakuna anayenijua. Tabora siwezi hata kununua embe bila watu watatu kunishauri nichague lipi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kanzu za harusi za wanaume wengi wa mjini, na baadhi yao nimewakatia baba zao sanda, maana kazi hiyo nayo huniangukia mimi msibani. Wananiita kwa kuwa mkono wangu hautetemeki na mdomo wangu hausemi nilichokiona. Mtu wa namna hiyo akionekana amekaa mbele ya mashine yenye picha za matunda na nyota, mji mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Basi kila Jumanne nilipanda basi la asubuhi, nikamwambia mke wangu nafuata uzi na vifungo. Vifungo vilikuwepo kweli. Nilinunua paketi mbili tatu kwenye duka la kwanza nje ya stendi, nikazitia mfukoni, halafu nikaingia ukumbini. Wenyewe waliuita kasino. Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vipuri, mashine kumi na kitu, feni mbili, na zulia jekundu lililogeuka rangi kwa vumbi la viatu vya wachimbaji wa dhahabu. Wachimbaji wale niliwapenda. Hawamuulizi mtu katoka wapi, kwa kuwa nao hawapendi kuulizwa. Niliitwa mzee, basi. Mzee sogea kidogo, mzee hiyo mashine imekufa, na wakinisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mzee.

Bibi yangu, ambaye wazee wake walifika Tabora na misafara wakachoka hapo hapo, alitusimulia kwamba wapagazi wa zamani walijipa jina la safari wakitoka na kuliacha wakirudi nyumbani. Mpagazi akifanya la aibu huko njiani, aliyelifanya ni yule wa safarini. Sijui kama ni kweli au bibi alitia chumvi yake. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nikishuka Nzega nilijisikia mwepesi, na nilipokuwa nikirudi nilijisikia mchafu, na Jumanne iliyofuata nilikwenda tena.

Watu hudhani mcheza kamari anafuata utajiri. Mimi utajiri ningeupeleka wapi? Nilifuata ule ukimya wa kichwani. Nikishabonyeza kile kitufe, kwa muda ule picha zinapozunguka, hakuna mteja anayedai suruali yake, hakuna maiti wa jana, hakuna goti linalouma. Nimejaribu kuacha mara nyingi kuliko nilivyojaribu kitu kingine chochote maishani. Nimefunga, nimeapa, nimelia kwenye mkeka wa swala nikiwa peke yangu. Jumanne inafika, miguu inakwenda. Nawaudhi wasomaji, najua. Hata mimi najiudhi.

Kisha wakaleta kadi.

Ilikuwa kadi ya mteja wa kudumu. Ukiichomeka kwenye mashine kabla ya kucheza, inakuhesabia pointi, na pointi zinakupa chakula cha mchana, soda, michezo ya bure, na zikiwa nyingi zaidi unarudishiwa nauli. Binti wa kaunta alikuwa mcheshi, wa Dar, anaongea haraka. Alinifuata mpaka kwenye kiti.

"Mzee wangu, unajinyima tu. Kadi ni bure."

"Sina haja nayo."

"Wenzako wote wanayo."

"Waache wawe nayo."

Nilishikilia hivyo karibu miezi miwili, nikijiona mjanja. Sikujua kwamba ujanja wangu ndio unaonianika. Katika ukumbi mzima nilibaki peke yangu nisiye na kadi, na msimamizi akaanza kunikazia macho. Siku moja akaja na kuuliza kwa adabu kama mimi ni mtu wa serikali. Wachimbaji wakageuka wote. Jumanne iliyofuata viti vya kushoto na kulia kwangu vilikuwa vitupu, na hakuna aliyenisalimia. Nilikuwa nimekimbia mji unaonijua, na sasa nimejulikana huku pia, tena kwa ubaya. Nikapiga moyo konde, nikaenda kaunta.

"Nipe hiyo kadi yako."

"Namba ya simu, mzee."

Hapa inabidi nieleze jambo dogo. Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, vidole vyangu vilikataa. Niliweka cha kwanza, cha pili, vyote kumi. Yule kijana wa usajili akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akaniambia nibonyeze kwa nguvu, nibonyeze polepole. Mashine haikuona kitu. Miaka arobaini ya pasi ya mkaa na sindano ilikuwa imevisugua vikawa laini. Nilifedheheka mbele ya foleni nzima. Binti yangu mkubwa, niliyekwenda naye, akasogea akaweka kidole chake, na laini ikasajiliwa kwa jina lake mara moja. Tulipotoka nje alinitania.

"Sasa baba, usinifanyie uhalifu na laini yangu."

Tukacheka. Nikamwomba asimwambie mama yake kwamba mikono yangu imekataliwa, naye hakumwambia. Haikuwa shida kwa mtu. Pesa za wateja wangu huingia kwenye simu ya mke wangu, ndiye anayezishika. Laini yangu mimi ni ya kupigiwa tu.

Basi yule binti wa kaunta akaingiza namba, akatazama kioo cha kompyuta yake, akatabasamu.

"Jina limekuja lenyewe, mzee. Ni la mama?"

Alinigeuzia kioo. Majina matatu ya binti yangu yalikuwa pale, yameandikwa kwa herufi kubwa.

Nataka niseme ukweli kuhusu dakika ile, kwa sababu ndiyo dakika pekee ambayo kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Sikushtuka. Nilifurahi. Niliona nimepata kadi na bado sina jina. Nikasema ndiyo, ni la mama. Akaichapa, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, na mchana huo nikala wali kuku wa bure pamoja na wachimbaji, ambao walinikaribisha kana kwamba nimetoka safari.

Mwaka ukapita hivyo. Binti yangu ni mwalimu wa shule ya msingi Goweko, kule kwenye mashamba ya tumbaku. Ndiye mtoto ambaye kila mzazi jirani hulitumia jina lake kuwasimangia watoto wake. Mwanzoni mwa kiangazi ilikuja barua ya posa kutoka kwa watu wa heshima, wauza asali, familia ambayo babu zao na babu zetu walikuwa wakiswali safu moja. Mke wangu alianza kununua vikombe. Mimi nilichagua kitambaa cha kanzu ya bwana harusi, nikakificha chini ya meza ya kukatia ili mteja asikitamani.

Wiki ileile wale watu wa kasino wakafungua tawi Tabora, si mbali na soko.

Nililiona bango nikitoka kununua maziwa. Lilikuwa pana, la njano, limefungwa kwenye nguzo mbili, watu wamesimama wanasoma. Lilisema tawi jipya linawashukuru wateja wake bora wa kanda, na chini yake majina matano. La tatu lilikuwa la binti yangu, kamili. Na kwa kuwa jina kamili la mtu kwetu ni lake, la baba yake, na la babu yake, mimi nilikuwepo pale katikati, na marehemu baba yangu, aliyeadhini miaka ishirini, alikuwa mwishoni. Hakuna aliyelitazama jina la katikati. Walilitazama la kwanza.

"Si mwalimu huyu?" mwanamke mmoja akasema.

Mwenzake akaniona, akamkanyaga mguu. Wakanisalimia wote kwa pamoja, shikamoo fundi, kwa sauti ya juu mno. Nikasema marahaba na maziwa yangu mkononi.

Niliingia chooni nyumbani na kupiga simu Nzega. Yule binti wa kaunta alinijua kwa sauti, akapiga kigelegele.

"Mzee! Umeona? Hiyo ni heshima kubwa!"

"Mwanangu, nakuomba. Liondoeni lile jina."

"Mfumo ndio umechagua, mzee. Sisi hatuna la kufanya."

"Basi niambie nani analo la kufanya."

Akauliza watu wake, nikasikia wanajadiliana. Akarudi akasema jina linaweza kuondolewa, hakuna tatizo, ila mwenye kadi aje mwenyewe tawini na kitambulisho chake cha taifa. Nilimwambia mwenye kadi ni mimi. Akacheka, akasema mzee, kwenye kadi si wewe. Nikaomba nizungumze na msimamizi, akasema ametoka. Nilibaki nimekaa pale kwenye ndoo iliyofudikizwa mpaka mke wangu akagonga kuuliza kama nimeharisha.

Kesho yake gari la matangazo likapita kwetu Ipuli, mtaa kwa mtaa, na spika mbili juu. Kati ya muziki na muziki, yule kijana akayasoma majina. Nilikuwa kwenye cherehani, nikakanyaga pedali kwa nguvu ili nisisikie. Nikavunja sindano.

Mshenga alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Ni mtu mpole, mwalimu wa madrasa, na alionekana angependa kuwa mahali pengine popote. Mke wangu akaleta chai na visheti. Hakugusa kisheti.

"Fundi," alisema, "wenzetu hawajakataa. Wanaomba muda kidogo."

Kwetu muda kidogo maana yake inajulikana. Akaomba ile barua ya posa aondoke nayo. Kisha akainamisha kichwa.

"Kuna jina limeonekana. Sisi hatusemi ni kweli. Kama kuna maelezo, mimi niko hapa, nitayabeba kama yalivyo."

Alinisubiri kwa haki, alikunywa chai yake yote polepole ili nipate nafasi. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama mimi, akitegemea nitasema maneno makali ya kumtetea mwanangu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Niliiweka sawa mdomoni, nikaimeza, nikaiweka tena. Niliwaona wale maiti niliowakatia sanda na ndugu zao wakijiuliza ni mkono wa nani uliowagusa. Nilijiona nikipita sokoni.

"Nimewaelewa," nikasema.

Alipoondoka, mke wangu hakulia. Alikusanya vikombe vile vipya akavirudisha kwenye boksi lake kimoja kimoja, na kila kimoja akakifunga gazeti.

Usiku ule sikulala, na Ijumaa baada ya swala nilimfuata mshenga nyumbani kwake. Nilimkuta barazani. Sikuketi, nilijua nikiketi sitasema.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ile kadi ni yangu. Mchezaji ni mimi, mwanangu hajui lolote."

Macho yake yakajaa machozi. Akasimama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe. Si kila baba ana moyo huo."

"Hunielewi. Nakwambia ni mimi. Nakwenda Nzega kila Jumanne!"

"Unafuata vifungo," akasema kwa upole. "Mji mzima unajua unafuata vifungo."

Nilipandisha sauti. Nilimweleza mashine zilivyo, zulia, feni, wali kuku. Nilimweleza habari ya laini ya simu na vidole vyangu. Niliongea mpaka majirani wakachungulia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunionea huruma, maana niliongea kama mtu aliyekariri. Mwisho akaniambia nisijitese, kwamba siri yangu itabaki kwake, na kwamba mtoto hata akikosea ana bahati akiwa na mzazi wa namna yangu. Nikaondoka nikiwa nimesifiwa. Sijawahi kuchukia sifa kiasi kile.

Siri haikubaki kwake, au labda ni wale majirani. Jumamosi asubuhi kila niliyekutana naye aliniambia pole fundi, na mmoja, mzee kuliko mimi, aliniombea dua pale pale barabarani.

Binti yangu aliwasili na treni Jumamosi hiyo, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyopewa na wazazi wa wanafunzi wake. Alikuwa ameshasikia stesheni, ilionekana usoni. Alitusalimia, shikamoo baba, shikamoo mama, akauweka mfuko chini uani. Mama yake hakuitikia.

"Kaa," akamwambia.

Akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango, na koti langu nimelivaa ingawa jua lilishakuwa kali, kwa sababu kadi ilikuwa ndani na niliogopa kulitundika.

Mke wangu ni mwanamke wa maneno machache. Siku hiyo maneno yalimtoka. Alisema alimnyonyesha na njaa. Alisema alipeleka mkufu wake kwa sonara ili yeye asome ualimu. Aliuliza watoto wa watu kule Goweko wanafundishwa na nani. Binti yangu alimsikiliza kwa mshangao kwanza, akawa anasema mama, mimi sijui hicho kitu, mama, sijawahi kuingia humo, mama, niapishe.

"Jina lako limefikaje pale?" mama yake akamuuliza. "Limeruka na upepo?"

Niliona binti yangu anavyofikiri. Ni mwalimu wa hesabu, akifikiri huweka ulimi kwenye kona ya mdomo, tangu mdogo. Halafu ulimi ukarudi ndani na akanyanyua macho taratibu mpaka kwenye mikono yangu. Aliitazama mikono, kisha akanitazama usoni.

Nikasimama.

"Mwache mtoto," nikasema. "Ni mimi. Nilishamwambia mshenga jana, ni mimi."

"Nimeambiwa ulichomwambia mshenga," mke wangu akajibu bila kugeuka. "Mji mzima umeniambia. Usimtetee."

"Simtetei."

"Wewe ndiye uliyemdekeza mpaka akafika hapa. Miaka thelathini nakaa na wewe, hata uongo hujui kuusema. Ungejiona uso wako."

Mkono wangu ulikuwa kifuani, juu ya mfuko wa koti. Niliihisi kadi chini ya kitambaa, kona zake nne. Ilikuwa kuitoa tu. Kuitoa, kuiweka juu ya mfuko wa michembe mbele yao, na mke wangu angeamini, kwa sababu angeona nilikuwa nikitembea nayo. Binti yangu aliuona mkono ulipo. Hakuniita baba, hakunionyesha kwa kidole. Alinisubiri kama mshenga alivyonisubiri, na mimi vidole vyangu vikagoma kufanya hata lile jambo dogo la kufungua kifungo. Najua kufungua vifungo. Ni kazi yangu.

Mke wangu alikuwa ameanza kutetemeka. Ana shinikizo la damu, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alijishika ukutani. Nadhani binti yangu alitupima sote wawili wakati ule, mama yake na mimi, akaona ni lipi mama yake anaweza kulibeba na ni lipi litamwangusha. Mtoto akikosea, mama hukasirika, akalia, siku moja akasamehe. Lakini miaka thelathini ya ndoa, na zile Jumanne zote ndani yake, angeifanya nini?

Akapiga magoti, akaishika miguu ya mama yake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niwie radhi. Sitarudia."

Mke wangu akalia hatimaye, kwa sauti, akiwa amemshika kichwa.

Na mimi nikashusha pumzi. Sikukusudia, ilitoka yenyewe, ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo begani, na ilikuwa na raha ndani yake. Mke wangu hakuisikia kwa sababu ya kilio chake. Binti yangu aliisikia. Alikuwa bado amepiga magoti, akageuza uso kunitazama.